Kitabu Kinachoanza na Pikseli Moja

Kitabu cha Gabriel Gambetta, Computer Graphics from Scratch, kinamtaka msomaji aje na kitu kimoja tu mkononi: uwezo wa kuipa pikseli moja rangi. Unataja mahali ilipo kwenye skrini, unataja kiasi cha wekundu, ukijani na ubuluu, basi. Kila kitakachoonekana baadaye, mipira inayong'aa, vivuli, vioo, masanduku yaliyovikwa picha ya mbao, kinajengwa juu ya kitendo hicho. Ni subira ya mpishi anayemwachia mtoto kukuna nazi kabla ya kumwachia moto. Nimesoma vitabu vingi vya kufundisha michoro ya kompyuta, na sijaona kingine kinachoanza na mtaji mdogo namna hii kikafika mbali namna hii.

Nakitaja mapema kwa sababu swali la vijana ni lile lile kila mara: nataka kujifunza kuandika programu za michoro ya gemu, nianze na kitabu gani? Vitabu vipo kwa makumi. Kuna vya mitambo ya kuiamuru kadi ya grafiki, DirectX, OpenGL na Vulkan, kuna vya hesabu tupu, vya injini za gemu. Kuchagua si jambo dogo. Kitabu cha kwanza ndicho kinachoamua kama mtu ataamini kwamba mambo haya yanaeleweka, au atabaki akinakili msimbo wa wengine na kumwomba Mungu ufanye kazi.

Niseme wazi ni nani ninayemsemesha. Mtu anayetaka gemu yake itoke haraka iwezekanavyo hahitaji kitabu cha namna hii. Godot inapatikana bure, Unity inajulikana kila mahali, na injini hizo zimekwisha kufanya kazi ninayoisimulia hapa. Ninamsemesha yule anayeona kivuli cha mti kikitembea juu ya nyasi ndani ya gemu, kisha hapati usingizi mpaka ajue kivuli kile kimetoka wapi.

Gambetta ni mzaliwa wa Uruguay. Aliendesha kampuni yake ya gemu kwa miaka kumi, huku akifundisha somo la michoro ya kompyuta katika chuo alichosomea mwenyewe. Kitabu kilichapishwa na No Starch Press mwaka 2021, na unaposoma unatambua kwamba mwandishi amesimama mbele ya wanafunzi kwa muda mrefu na anajua ni mstari upi unaowafanya waache kuandika na kuinua macho.

Tazama anavyoanza. Mandhari ya sura za mwanzo ni mipira mitatu: mwekundu katikati, wa buluu kulia, wa kijani kushoto. Jicho la mtazamaji limewekwa pale ambapo x, y na z zote ni sifuri. Mbele yake, umbali wa kipimo kimoja, kuna dirisha la kufikirika lenye upana wa kipimo kimoja na kimo cha kipimo kimoja. Kila pikseli ya skrini ni kitundu kwenye dirisha hilo. Kazi ya programu ni kurusha mwale kutoka jichoni kupitia kila kitundu na kuuliza: huu unagonga nini?

Mwale una mahali unapoanzia na una mwelekeo. Ukitaka nukta yoyote iliyo juu yake, unachukua mwanzo na kuongeza mwelekeo uliozidishwa kwa namba t. Ikiwa t ni 0, uko jichoni. Ikiwa 1, uko dirishani. Ikizidi 1, umeshaingia kwenye mandhari. Tufe nalo ni nukta zote zilizo umbali wa r kutoka kwenye kitovu. Gambetta anayaandika maelezo haya mawili kama milinganyo, anauingiza wa kwanza ndani ya wa pili, anafungua mabano hatua kwa hatua bila kuruka hata moja, na mwishoni kinabaki kitu ambacho karibu kila aliyepita sekondari amewahi kukutana nacho: mlinganyo wenye t ya mraba, t yenyewe, na namba isiyo na t. Ule ule wa a, b na c.

Hapo ndipo utamu unapoanza. Ndani ya kipeuo cha pili cha kanuni ile kuna b mraba kutoa 4ac. Shuleni tuliambiwa kwamba kiasi hicho kikiwa hasi, mlinganyo hauna jibu, tukaandika hivyo kwenye daftari na kwenda mapumziko. Hapa, kikiwa hasi, mwale umeupita mpira bila kuugusa, na pikseli inapata rangi ya usuli. Kikiwa sifuri, mwale umeukwangua mpira ukingoni. Kikiwa chanya, kuna majibu mawili: pale mwale ulipoingia na pale ulipotokea upande wa pili. Jicho huona la karibu, kwa hiyo unachukua t iliyo ndogo. Kanuni iliyokaririwa kwa ajili ya mtihani imechora mpira. Sijui mwalimu wa hesabu ambaye asingependa kuona sura ya mwanafunzi wake wakati huo.

Picha ya kwanza inayotokea ni miduara mitatu bapa, isiyo na dalili yoyote ya uviringo. Mwandishi mwenye haraka angeificha. Angeongeza mwanga kwanza ili msomaji aone kitu cha kupendeza. Gambetta anaionyesha kama ilivyo. Msomaji anaona kwamba jiometria peke yake haimpi jicho uviringo, na sura inayofuata anaifungua akiwa na hamu ya kujua kilichokosekana.

Kilichokosekana ni mwanga. Kwenye kila nukta ya mpira unasimamisha mshale unaoelekea nje moja kwa moja, wenye urefu wa kipimo kimoja. Unachukua mshale mwingine wa urefu huo huo unaoelekea kwenye taa. Kisha unapima jinsi inavyokubaliana: unazidisha x kwa x, y kwa y, z kwa z, unajumlisha. Mishale ikielekea upande mmoja, jumla ni 1 na uso unapata mwanga wote. Ikifanya pembe ya nyuzi 90, jumla ni 0 na uso haupati kitu. Katikati ya hapo mwanga unafifia taratibu, na kufifia huko ndiko jicho linakokusoma kama uviringo. Johann Heinrich Lambert alikwisha kuiandika kanuni hii mwaka 1760, karibu karne mbili kabla ya skrini za kompyuta kuwapo. Mistari michache ya msimbo, na ile miduara bapa inavimba kuwa mipira.

Kuna uamuzi mmoja mdogo katika sura hizi ninaousifu kila ninapoufikia. Mandhari inahitaji ardhi. Njia ya kawaida ingekuwa kumletea msomaji uso bapa pamoja na mlinganyo wake, kurasa mbili tatu za hesabu mpya. Gambetta badala yake anaongeza mpira wa nne, wa manjano, wenye nusu kipenyo cha 5,000 na kitovu kilichozama 5,001 chini ya jicho. Mpira mkubwa kiasi hicho, ukiutazama ukiwa karibu na uso wake, ni ardhi. Hakuna hata mstari mmoja mpya wa msimbo. Mwandishi ametumia alichokwisha kufundisha, na msomaji anajifunza jambo la fundi kwa kuliona likitendeka.

Kivuli kinakuja kwa chombo kile kile. Ukiwa kwenye nukta ya mpira unarusha mwale mwingine kuelekea taa. Ukigonga kitu njiani, nukta hiyo iko kivulini. Ila kuna mtego. Mwale unaoanzia juu ya mpira unaugonga mpira wenyewe pale pale ulipoanzia, t ikiwa 0, na mpira unajitia kivuli wenyewe. Kusema tu kwamba t lazima izidi sifuri hakutoshi, kwa kuwa kompyuta haishiki desimali kwa ukamilifu: nukta iliyopaswa kuwa juu ya uso inaweza kuwa imezama kidogo sana ndani yake, na picha ikajaa madoa meusi. Dawa ni kuanza kutafuta kutoka 0.001. Namba ndogo ya aina hiyo iko ndani ya karibu kila programu inayofuata miale, na waandishi wengi huiandika kimyakimya. Hapa inaelezwa, na anayeielewa hatahangaika usiku mzima atakapokutana na madoa yale kwenye kazi yake mwenyewe.

Kioo nacho ni swali la mwanzo linaloulizwa upya. Mwale unadunda, unagonga nini? Kilichogongwa kikiwa kioo, unauliza tena, hadi mara tatu hivi, kisha unaacha. Turner Whitted alipochapisha wazo hili mwaka 1980 akiwa Bell Labs, liliwashangaza watafiti wa fani nzima. Kwenye kitabu hiki ni kipande kifupi cha msimbo ambacho msomaji, kwa kufikia hapo, angeweza kukibahatisha mwenyewe.

Nusu ya pili ya kitabu inageuza swali. Mwanzoni tuliuliza kila pikseli inaona nini. Sasa tunauliza kila pembetatu inaangukia pikseli zipi. Hii ndiyo njia ambayo gemu zimeitegemea kwa miongo, kwa sababu ina kasi ya kutoa picha 60 kwa sekunde, na kadi za grafiki zilijengwa kwa ajili yake. Lakini pembetatu ina kingo, na kingo ni mistari, kwa hiyo Gambetta anarudi chini kabisa na kufundisha kuchora mstari.

Anaanza na mstari kama ulivyo kwenye vitabu vya shule: y ni mteremko mara x, kuongeza namba fulani. Unasogeza x moja moja, unapata y, unaweka rangi. Mstari uliolala unatoka vizuri. Mstari uliosimama karibu wima unatoka umetobokatoboka, nukta hapa, nukta kule, kwa sababu kila hatua moja ya x inaruka hatua nyingi za y. Anakuacha uone uharibifu huo kwenye skrini yako mwenyewe. Ndipo anapouliza, kwa nini x ndiyo iongoze? Mstari ukisimama, acha y iongoze. Jack Bresenham wa IBM alikwisha kulitatua jambo hili mwaka 1962 kwa algoritimu inayotumia namba nzima tupu, na ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini vitabu vingi vya zamani humkabidhi mwanafunzi algoritimu ile ikiwa imekamilika na kung'arishwa, naye anapokea jibu la swali ambalo bado halijamsumbua.

Kutoka kwenye mstari huo anachomoa kifaa kidogo: ukijua thamani ya mwanzo na ya mwisho, kinakupa zote za katikati. Kwa kifaa hicho anapata kingo za pembetatu. Kwa hicho hicho anaijaza rangi, anafifisha rangi kutoka pembe moja hadi nyingine, anapima kina ili kitu cha mbele kikifunike cha nyuma, na mwisho anaivika pembetatu picha. Na ni katika sura hizi za kina na picha za kuvika ambapo kifaa chenyewe kinakwama, mahali pagumu kuliko pote kitabuni.

Vitu vya mbali hubanwa kwenye skrini. Kwa hiyo nusu ya njia kwenye skrini si nusu ya njia kwenye mandhari. Chukua sakafu ya vigae inayokimbia mbele yako hadi ukutani. Ukiigawa picha ya vigae sawa kwa sawa kwenye pikseli, mistari inapinda, na kila mtazamaji anaposogea vigae vinateleza chini ya miguu yake. Aliyecheza PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japani Desemba 1994, ameyaona haya: kuta na barabara zikipinda pindi kamera inapozikaribia. Mashine ile ilizigawa picha zake sawa kwa sawa bila kujali kina. Kinachobadilika kwa usawa kwenye skrini ni 1 gawanya kwa z. Basi unagawanya kila kipimo cha picha kwa z kwanza, unakisambaza sawa kwa sawa kwa kifaa chako cha zamani, kisha kwenye kila pikseli unakirudisha kilipokuwa. Gambetta anaifikia hatua hii kwa hesabu iliyo wazi, na kifaa cha kuchorea mstari kinabaki kazini bila kubadilishwa.

Kule kurudisha kunataka kugawanya kwenye kila pikseli, na zamani kugawanya kulikuwa ghali. Michael Abrash, aliyefanya kazi na John Carmack kwenye gemu ya Quake ya 1996, anasimulia ndani ya Graphics Programming Black Book ya 1997 jinsi walivyogawanya mara moja tu kila pikseli 16, wakazijaza za katikati kwa makadirio, na wakaipanga kazi ili prosesa ya Pentium ifanye mgawanyo unaofuata huku ikiendelea kuchora pikseli zilizo mkononi. Macho ya mchezaji hayakuona tofauti. Sehemu kubwa ya kitabu hicho imeandikwa kwa ajili ya prosesa na kadi za VGA ambazo hakuna anayezitumia tena, na sipendekezi kiwe cha kwanza kwa mtu yeyote. Kinafaa kusomwa baadaye, kwa ajili ya tabia anayoirudia Abrash mfululizo: pima kwanza, usiamini hisia zako kuhusu kinachochelewesha programu.

Baada ya kumsifu Gambetta hivi, ni haki nimtaje Frank Luna, kwa sababu wengi watashauriwa kuanza naye, na ushauri huo haukosi msingi. Luna amekuwa akiandika kitabu kile kile, kwa maana nzuri, tangu 2003: DirectX 9, kisha toleo lake la shaderi, yaani programu ndogo zinazotekelezwa na kadi ya grafiki, mwaka 2006, DirectX 10 mwaka 2008, 11 mwaka 2012, 12 mwaka 2016. Kila Microsoft ilipoibadilisha DirectX yake, aliketi akaandika upya. Vitabu vyake vinaanza na sura tatu za hesabu, vekta, matriksi na mageuzi, kila moja ikiwa na mazoezi mwishoni, na mazoezi hayo yametungwa na mtu anayejali. Anayeyafanya yote kwa kalamu na karatasi anatoka akiwa mtu mwingine.

Ninachokipenda zaidi kwa Luna ni vilima vyake. Mapema kitabuni unatengeneza wavu wa pembetatu unaopanda na kushuka kuwa vilima, na karibu yake wavu mwingine unaocheza kama mawimbi ya maji. Vinatoka na rangi tupu. Sura ya mwanga inavipa jua. Sura ya picha za kuvika inavipa nyasi na maji. Sura ya kuchanganya rangi inayafanya maji yapenyeze mwanga hadi uone udongo ulio chini, na ukungu unashuka juu ya vyote. Mahali ni pale pale kwa mamia ya kurasa, na kwa kuwa mahali hapabadiliki, jicho linaona kwa uhakika kile ambacho kila sura imeongeza. Gambetta hufanya vivyo hivyo kwa mipira yake. Sidhani ni bahati kwamba wote wawili wamefika kwenye mbinu hiyo.

Lakini kati ya hesabu na vilima kuna mlango mzito. Toleo la DirectX 12 lina sura ndefu ya kuiandaa kadi ya grafiki: foleni za amri, bafa za kubadilishana, bafa ya kina, maelezo ya kila rasilimali. Mwisho wa sura hiyo yote msomaji anapata dirisha tupu lenye rangi ya buluu hafifu. Luna hana kosa. Ndivyo DirectX 12 ilivyo, na Vulkan, iliyotoka mwaka 2016, ni kali kama hiyo: pembetatu moja tu ndani yake hula karibu mistari elfu moja ya msimbo. Mitambo hii ilibuniwa kwa wahandisi wanaotaka kuidhibiti kadi kwa undani. Mwanafunzi ambaye bado hajui kwa nini pembetatu, anafundishwa namna ya kuisafirisha. Wengi huachia hapo, wakidhani wameshindwa na michoro, kumbe hawajaifikia.

Kwa msomaji wa huku kwetu kuna jambo jingine la kuzingatia kabla ya kulipia kitabu. DirectX 12 inataka Windows 10 au ya baadaye na kadi inayoikubali, na kompyuta nyingi za mitumba hazina uhakika huo. Msimbo wa Gambetta unatembea ndani ya kivinjari chochote cha kisasa, kwa JavaScript, bila kuhitaji kadi ya grafiki hata kidogo, kwa sababu pikseli zote zinahesabiwa na prosesa. Maelezo yake ameyaandika kwa lugha ya kawaida ya algoritimu, kwa hiyo ukitaka kutumia Python au C++ hakuna kinachokuzuia. Na kitabu chote kinasomeka bure kwenye tovuti yake. Vivyo hivyo LearnOpenGL ya Joey de Vries, Ray Tracing in One Weekend ya Peter Shirley, na 3D Math Primer ya Fletcher Dunn na Ian Parberry. Waandishi hawa wangeweza kuuza kila ukurasa. Wameacha mlango wazi, na ukarimu huo umewafikisha watu ambao bei ya kitabu cha kuagizwa kutoka ng'ambo ingewafungia nje.

Kwenye meza za vitabu vya mitumba uwe macho na OpenGL. Vitabu vyake vya mwanzo, kuanzia kile chenye jalada jekundu kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1993, vilifundisha njia ambayo baadaye iliondolewa. Shaderi ziliingia rasmi na OpenGL 2.0 mwaka 2004, na toleo la 3.1 la mwaka 2009 likatupa nje sehemu kubwa ya utaratibu wa kale. Fungua kitabu katikati. Ukikuta pembetatu inachorwa kwa glBegin na glEnd, kinasimulia ulimwengu uliopita. Kirudishe mezani, hata kama karatasi zake ni nzuri. Hesabu iliyomo ingali kweli, ila hesabu hiyo utaipata mahali pengine bila kubeba mzigo wa kusahau nusu ya ulichosoma.

Njia ninayoipendekeza, basi, ni Gambetta kwanza, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, ukiandika kila programu kwa vidole vyako. Usinakili. Ukimaliza, nenda kwenye LearnOpenGL ya de Vries. Huyu ni Mholanzi mwenye uvumilivu wa aina yake: pembetatu yake ya kwanza, ya rangi ya chungwa, inafika baada ya maelezo marefu, lakini hakuna amri hata moja anayoiacha ipite bila kusema inafanya nini na ingekosekana ingetokea nini. Kwa kuwa umekwisha kujaza pembetatu kwa mikono yako, utatambua kila anachokutajia. Shaderi ya pikseli ni ule mzunguko wako wa ndani, ambao sasa unatekelezwa na kadi. Bafa ya kina ni lile jedwali lako la 1 gawanya kwa z. Zoezi zuri la kuunganisha vitabu hivyo viwili ni kuihamisha mipira ya Gambetta, pamoja na vivuli na vioo vyake, ndani ya shaderi moja, uone picha iliyokuwa ikisubiriwa sasa inazunguka kwa kufuata mshale wa kipanya.

Real-Time Rendering ya Tomas Akenine-Möller, Eric Haines na wenzao, toleo la nne la mwaka 2018, iweke kando kwa sasa. Ina zaidi ya kurasa 1,100 na karibu haina msimbo. Ni ya kuulizia swali ambalo tayari unalo.

Kisha Luna, ukiwa na mashine inayomfaa. Kabla ya kuvuka kwenda kwake chukua karatasi uandike mambo mawili, maana hapa ndipo wanaochanganya vitabu wanapopotea. La kwanza ni mihimili. Kwa Luna, kama kwa Gambetta, z inaongezeka ikiingia ndani ya skrini, mpango wa mkono wa kushoto. Kwa de Vries na mapokeo ya OpenGL, z inaongezeka ikija kwako, mkono wa kulia. La pili ni matriksi. Luna huandika vekta kama safu mlalo, kwa hiyo mageuzi yake husomwa kutoka kushoto kwenda kulia: kwanza ukubwa, kisha mzunguko, kisha kuhamisha. De Vries huiandika kama safu wima, na mageuzi yale yale husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Wote wako sahihi. Lakini ukichukua mstari mmoja kwa huyu na mwingine kwa yule bila kuupindua, nyumba uliyotaka izunguke pale ilipo itaanza kuuzunguka mji mzima, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaokuambia kwa nini. Likikutokea hilo, usiguse kitu kingine chochote mpaka umekagua mpangilio wa kuzidisha.